Mwaka Tulipotumia Jina Moja

Habari za kifo cha Mzee Ekuwam, mkurugenzi wangu wa zamani, zilinikuta kazini Eldoret, nikibishana na daktari aliyekataa kutumia jina lake mwenyewe kuingia kwenye mfumo wa hospitali. Alitaka aendelee kutumia la muuguzi, kwa sababu muuguzi tayari alikuwa ameingia na wagonjwa walikuwa wanangoja. Simu ikatetema mezani, nikasoma ujumbe, nikanyamaza. Daktari akadhani nimekubali, akaenda zake. Sikumfuata. Nimefanya kazi hii ya kulinda milango ya mitandao mpaka mvi zimenijaa kipajini, na yapo mambo ambayo nimeyasema mara nyingi kiasi kwamba yananichosha kabla sijafungua mdomo. Jioni ile niliomba ruhusa, na siku mbili baadaye nilikuwa Lodwar, chini ya hema lililopigwa na upepo hadi padre akawa anahubiri huku ameshika mlingoti kwa mkono mmoja.

Furaha alikuwa ameketi safu ya nyuma, kitambaa cheusi kichwani. Mwaka ule alikuwa mkalimani wetu Kakuma, na sikuwa nimemtia machoni tangu nihame Turkana. Alisogeza kiti cha plastiki kando yake bila kunitazama. "Nafula, umezeeka," akasema. Nikamwambia na yeye pia. Tuliletewa chai na wali wenye vipande vya nyama ya mbuzi, tukala kama watu waliokwisha kusema mengi zamani. Kisha akaniuliza kama bado nafunga milango ya watu. "Bado," nikasema. "Na batu?" akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, akimaanisha watu. "Bado wanaifungua." Akacheka kidogo, kwa pua, akarudi kwenye sahani yake. Kwa muda uliobaki wa mazishi yale sikuwa nasikia hotuba. Nilikuwa nimerudi katika mwaka wangu wa kwanza pale mjini, sijafika hata umri wa miaka thelathini, nikidhani uchovu ni kitu ambacho mtu hukimaliza kwa kulala.

Shirika letu lilikuwa dogo. Liliwasaidia wanawake waliokimbia vipigo nyumbani: wenyeji wa Turkana, wafanyabiashara kutoka kwingine, na wengi zaidi kutoka kambi ya wakimbizi. Ofisi kuu ilikuwa Lodwar, na tawi lilikuwa Kakuma. Mimi niliajiriwa kutunza kompyuta, na kompyuta iliyobeba kila kitu, ile seva, ilikaa Lodwar katika stoo, katikati ya maboksi ya sabuni na pedi. Chumba hicho ndicho pekee kilichokuwa na mashine ya kupoza hewa, maana seva haiwezi kuvumilia joto ambalo binadamu huambiwa wavumilie. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kuingia stoo. Madereva walikuja kuhesabu sabuni isiyohesabika. Mzee Ekuwam, mkurugenzi wetu, alikuja na kiti chake mwenyewe baada ya chakula cha mchana, akavua viatu, akaongea kwa simu macho yamefumbwa. Katika stoo ile nilijifunza mji mzima: nani kaposa, nani kauza ngamia akajuta, kanisa gani limegawanyika kwa ajili ya spika za muziki. Nilikula githeri yangu, mahindi na maharagwe, humo humo, sahani nimeiweka juu ya boksi, nikisikia sauti ya seva ikivuma kama nyuki.

Ndani ya seva mlikuwa na majalada ya wanawake. Jina, aliyempiga, watoto wake, na mahali alipofichwa. Watu wa Kakuma walihitaji kuyasoma na kuyajaza kila siku, na fundi aliyenitangulia aliwapa njia rahisi kuliko zote: alifungua mlango kwenye ruta ya ofisi, kile kifaa kinachotuunganisha na intaneti. Yeyote, popote duniani penye intaneti, aliyejua anwani yetu na jina moja na paswadi moja, angekaa mbele ya seva kana kwamba yuko stoo pamoja nasi. Jina hilo lilikuwa "kakuma". Walilitumia wote wa Kakuma, na madereva pia walilijua, kwa sababu mara nyingine mtu akiwa njiani alimpigia dereva amsomee kitu. Kama mmoja akiacha kazi, huwezi kumfungia yeye bila kuwafungia wote. Basi hakufungiwa mtu.

Nilimwambia Mzee Ekuwam katika majuma yangu ya kwanza. Alinisikiliza vizuri, nisimsingizie. Kisha akasema, macho bado yamefumbwa, "Madam Nafula, hawa watu ya Kakuma nimebembeleza miaka mingi waache kuandika kwa makaratasi. Makaratasi inasahaulika kwa gari, inaliwa na mchwa. Ukiwafungia mlango leo, kesho wanarudi kwa makaratasi. Wacha mvua ipite, tuwalete hapa, uwafundishe polepole." Halikuwa jibu la mjinga. Nimelisikia mara nyingi baadaye kutoka kwa watu wenye digrii nzito. Niliandaa mpango, nikaujaribu kwenye laptopu mbili za ofisini, nikangoja mvua ipite.

Nilipanga chumba kwa Mama Ekiru, nyuma ya duka lake, upande wa mji unaoelekea mto. Bati liliwaka mchana kutwa, na jioni sote tuliburura vitanda nje. Mama Ekiru alipika ugali na samaki wakavu waliotoka Kerio, samaki wenye harufu iliyokaa kwenye nguo hadi kanisani. Alinisalimia "Ejok?" nami nikajibu "Ejok noi," na hapo Kiturkana changu kikaisha, tukaendelea kwa Kiswahili chake kisichojali ngeli. "Mtoto ya ofisi imekonda," alikuwa akiwaambia wateja nikiwapo. "Kompyuta inamkula." Nilicheka wakati huo. Sasa nikimkumbuka naona alikuwa mtu pekee aliyeuliza kila siku kama nimekula, na mimi sikuuliza hata mara moja kama yeye amekula.

Kakuma nilikwenda mara kwa mara. Barabara wakati huo ilikuwa mashimo na mchanga, na tulipita vichaka vya mathenge, ule mti wa miiba, na mabonde makavu tukiwa tumefunga vioo, tukichemka ndani ya vumbi letu wenyewe. Ofisi ya tawi ilikuwa vyumba vya mbao na bati. Mkuu wake, Bwana Lokol, alikuwa mchapakazi mwenye hasira za karibu. Furaha alikaa kwenye meza ya mlangoni. Alikuwa ametoka Kongo akiwa msichana, akakulia kambini, na akajua lugha nyingi kuliko alizotaka. Nilimtazama akifanya kazi. Mwanamke akisema, Furaha alisema. Mwanamke akinyamaza, naye alinyamaza, hakumjazia maneno, hata kama Lokol alikuwa anagonga kalamu mezani.

Mmoja wa wanawake aliowatafsiria nitamwita Rehema. Alikimbia mume kambini akiwa na mtoto mgongoni, na Furaha ndiye pekee aliyejua lugha ya kwao. Shirika lilimpeleka Kataboi, karibu na ziwa, kwa mama mmoja mjane aliyekausha samaki. Alikaa huko miezi, akajifunza kupasua samaki, mtoto akaanza kutembea. Halafu asubuhi moja, wakati wanawake wako ufukoni na vikapu, mume wake aliingia uani. Hakuuliza njia kwa mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba. Kabla majirani hawajafika alikuwa amemvunja Rehema mkono kwa mti wa kuanikia samaki. Wavuvi walimkamata, wakamfunga kwa kamba za nyavu, polisi wakaja.

Nilikwenda hospitali pamoja na Mzee Ekuwam. Rehema alikuwa amelala ubavu, plasta kutoka bega hadi vidole, mtoto kalala kwenye mkono wa pili. Alijua Kiswahili kidogo, cha kutosha kwa swali moja, na akalielekeza kwetu wote wawili. "Nani alimwambia?" Mzee alianza kumweleza kwamba mume yuko ndani, kwamba kesi itafunguliwa. Rehema akamwacha amalize. Kisha akauliza tena, kwa sauti ileile. Tulipotoka, Mzee alisimama kwenye kivuli cha ukuta muda mrefu, akitafuta funguo za gari mfukoni, na funguo alikuwa amezishika mkononi.

Watu hawawezi kukaa na swali bila jibu, hasa wakiwa na aibu. Juma lilelile tulikwenda Kakuma, na mimi nikaambiwa ningoje nje mpaka wazungumze wakubwa. Niliketi kwenye benchi. Furaha alikuwa tayari ameketi hapo. Ukuta ulikuwa mbao nyembamba.

"Mzee, nani ingine anajua lugha ya huyo mama?" Sauti ya Lokol. "Nani ingine anaishi na hao watu huko kambi? Mume wake wanatoka kijiji moja na Furaha. Si ni wazi?"

"Ushahidi iko?"

"Ushahidi gani tena? Mtu amevunjwa mkono."

Nilikohoa kwa nguvu, wajue tunasikia. Furaha akaweka mkono wake juu ya goti langu. "Usijisumbue kukohoa, dada," akasema. "Minasikia tangu mwanzo." Walipomwita ndani hakukaa sana. Alitoka na mkoba wake na kikombe chake cha chai, akanipa mkono kama mtu anayekwenda safari, akaingia jua kali kuelekea kambini. Walikuwa wamemsimamisha kazi mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi ulikuwa mimi.

Nilirudi Lodwar na imani ya kitoto kwamba mashine itasema. Seva huweka kumbukumbu ya anayeingia, nikakaa nayo mchana mzima katika ule ubaridi wa stoo. Jalada la Rehema lilikuwa limefunguliwa Jumapili moja, ofisi ya Kakuma imefungwa na mtandao wake umezimwa. Aliyelifungua aliingia kutoka nje, kwa intaneti ya mahali pengine. Jina lake: kakuma. Basi. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Nilikuwa na aliyeingia, na sikuwa na mtu.

Mzee Ekuwam alikuja na kiti chake. "Ni Furaha?"

"Ni kakuma, mzee."

"Kakuma ni nani?"

"Ni wote. Lokol, Furaha, madereva, walioacha kazi. Kila anayejua hiyo paswadi."

"Kwa hivyo inaweza kuwa yeye."

"Inaweza kuwa wewe, mzee. Wewe pia unaijua."

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Nadhani ulikuwa uchovu tu. Alinitazama, na nikadhani ndio mwisho wa kazi yangu. Kwamba kakuma ni wote, na si mtu, ndicho kitu ambacho nimekuwa nikijaribu kuwaeleza watu tangu siku hiyo, na sijapata maneno bora. Watu hufikiri jina la pamoja ni ukarimu, kama sinia moja la chakula. Lakini siku jambo likiharibika, asiye na hatia hana kitu cha kusimamia. Furaha hakuwa na namna ya kuonyesha kwamba hakuingia, kwa sababu kila aliyewahi kuingia aliingia kama yeye. Mzee alivaa viatu vyake. "Funga huo mlango," akasema. "Leo. Wakirudi kwa makaratasi, warudi."

Niliufunga kabla ya jua kutua. Kisha zikaja wiki ambazo sizikumbuki vizuri, isipokuwa kama vumbi na maumivu ya mgongo. Nilijenga njia nyingine, ile mafundi huita VPN na sisi tukaiita handaki: njia iliyofungwa kutoka kwenye laptopu hadi kwenye seva, isiyoonekana na mtu wa nje. Kila laptopu ilipewa ufunguo wake, ili ikiibwa niuue huo mmoja tu. Kila mtu alipewa jina lake, na kila akiingia alitumiwa namba kwenye simu yake athibitishe kwamba ni yeye. Ukieleza hivyo ni jambo la dakika. Kulifanya Kakuma ni jambo lingine. Umeme ulikatika katikati. Mtandao wa simu ulipotea na namba ikafika wakati haina kazi tena. Lokol alinipigia akifoka, "Madam, simu imekufa chaji na niko na mama hapa analia, niingie na nini?" Alikuwa na haki ya kufoka. Nilimwelekeza, nikapanda gari, nikaenda kuwapa betri ya akiba, nikarudi, wakapiga tena. Mama Ekiru aliacha kusema nimekonda. Akawa ananiwekea chakula kwenye bakuli lenye kifuniko na kuondoka.

Jibu la swali la Rehema lilikuja lenyewe, kwa simu, mchana. Aliyepiga alikuwa Barasa. Barasa alifanya kazi ya kuingiza taarifa Kakuma kabla hajaenda shirika jingine hukohuko. Kijana mcheshi, anatoka upande wa kwetu, tulikuwa tukitaniana kwa lugha ya mama. "Dada," akasema, "seva yenu imekufa nini? Siku nyingi sasa siingii."

"Unaingia kufanya nini, Barasa?"

"Aa, kuangalia tu mifano ya ripoti. Zile zetu za zamani zilikuwa nzuri. Hawa wapya wanataka ripoti na hawakufundishi."

"Unaingilia wapi?"

"Pale saiba ya mjini. Kuna mashine niliiweka tayari, nisiwe naandika kila saa."

Hakuwa ameficha kitu. Ndiyo maana ilikuwa mbaya. Tulikwenda Kakuma, pale saiba, duka la kukodi intaneti, mimi na Mzee Ekuwam, asubuhi iliyofuata. Chumba chenye kompyuta za zamani, pazia mlangoni, wimbo wa Kisomali redioni. Kwenye skrini ya mashine ya pembeni palikuwa na alama Barasa aliyoiandika "Kazi". Niliibonyeza. Jina "kakuma" likatokea limejazwa, paswadi imejazwa, na mashine ikaanza kuutafuta mlango nilioufunga. Mwenye saiba akaeleza bila hofu, "Hiyo? Watu hufungua wakitafuta kazi, wanadhani ni nafasi za kazi. Siku hizi haifunguki." Mzee akamuuliza nani hutumia mashine hiyo. Akataja wateja wake wa kawaida, na mmoja wao alikuwa mdogo wake mume wa Rehema, ambaye alikuja kila Jumapili baada ya ibada kuandikiana na jamaa zake walio ng'ambo. Tuliwaachia polisi, na baadaye yule mdogo mtu akakubali. Alikuwa ameona majina, akaona jina la shemeji yake, akampelekea kaka yake habari akidhani anarudisha mke nyumbani. Barasa alipoelezwa alilia mbele yetu kama mtu aliyefiwa. Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Tulimpeleka yeye mwenyewe akamwambie Rehema, na Rehema alisikiliza, akashukuru kwa kuambiwa, akageukia ukutani. Baada ya hapo alihamishwa tena. Mpaka leo sijui aliko, na ndivyo inavyotakiwa.

Mzee Ekuwam hakumtumia Furaha barua. Alikwenda. Alinichukua pamoja naye, tukaacha gari barabarani na kutembea kati ya nyumba za udongo hadi kwake. Furaha alitukaribisha kwenye mkeka, akatuletea ugali wa unga wa mgawo na majani ya kunde aliyoyatwanga na kuyapika kama sombe, kisamvu cha kwao, kwa kuwa sombe yenyewe haikupatikana. Tulikula kwanza, maana hakutaka maneno kabla ya chakula. Kisha Mzee akasema, kwa Kiswahili chake kilekile cha kuvunjikavunjika, kwamba alimhukumu bila kujua, kwamba kosa ni lake na si la Lokol, na kwamba anaomba arudi kazini. Alisema huku amepiga magoti nusu, kwa shida, maana miguu yake ilikuwa mibovu. Furaha alimwambia ainuke.

"Mimi siko na hasira na wewe, mzee," akasema. "Nimechoka. Majirani hapa walisikia kama mimi njo niliuzisha ule mama. Wewe unakuya leo kusema hapana, lakini wewe utaenda na gari yako. Mimi ninabaki na bale batu."

Mzee hakujitetea. Alitoka nje, akawaita majirani mmoja mmoja, akawaambia kwa kinywa chake, jua likimpiga kichwani, na Furaha akasimama mlangoni akitafsiri maneno ya kusafishwa kwake mwenyewe katika lugha moja baada ya nyingine. Nimeona mikutano mingi ya kuomba radhi tangu wakati huo, na mingi ilikuwa na maikrofoni. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Furaha alirudi kazini Jumatatu, na kikombe chake. Meza yake ilikuwa palepale. Lokol alimsalimia akitazama chini, akamwekea chai, akatoka. Nilikuwa nimekuja na laptopu yake mpya, ufunguo wake nimeshaufunga ndani, na jina lake nimeshaliandika: furaha. Kilichobaki ni yeye kuchagua paswadi. Nilimfungulia ukurasa, nikamsogezea, nikageuka kutazama dirishani kama ninavyomfanyia kila mtu, ili aandike bila kuonwa.

Sikusikia herufi hata moja.

"Usigeuke," akasema. "Angalia. Siku ingine wakiuliza, wewe uwe shahidi yangu."

Nilitamani sana kumkubalia. Alikuwa amekaa peke yake wiki baada ya wiki bila mtu mmoja wa kumsimamia, na sasa aliomba kitu kidogo kiasi hicho. Nikamwambia, bado nimempa mgongo, "Nikiangalia, Furaha, tutakuwa wawili katika jina moja tena."

Nje mtu alikuwa akimwita mbuzi, na Lokol alikuwa akiwasha jenereta bila mafanikio. Kisha nikasikia vidole vyake vikianza kuandika, taratibu, neno refu kuliko nililotarajia.